Kipande Kilichofukuliwa Fataki

Ninyi mliobaki katika chumba cha vipande mliniomba niwaachie kitu kwa maandishi kabla sijazoea ustaafu wa kulala hadi jua lipande. Nadhani mlitazamia orodha: dawa hii huwekwa hapa, kisu hiki hunolewa hivi. Orodha hiyo iko ukutani, niliibandika mwenyewe, na najua hakuna anayeisoma. Kwa hiyo nitaandika nipendavyo. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha lolote. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kutazama, kisha nitawaeleza siku moja niliyoacha kutazama, na mwanamke ambaye kosa langu lilimwangukia.

Nilifika hospitali yetu hapa Bunia nikiwa msichana mwenye diploma mpya na koti jeupe lililonizidi mabega. Nilidhani nitapelekwa kwenye damu na mkojo kama wenzangu wote wa darasa. Nikapelekwa nyuma, kwenye chumba chenye dirisha moja kubwa linalotazama mashariki, ambako Muzee Gaspari alikuwa amekaa juu ya kiti kirefu akinoa kisu. Alikuwa fundi wa vipande tangu kabla sijazaliwa. Kila nyama ambayo madaktari wa upasuaji waliitoa mwilini mwa mtu ilipita mikononi mwake: aliipima, aliitazama, aliieleza kwa maandishi, halafu alikata sehemu ndogo ndogo za kutengenezea vioo vya hadubini. Hakuniuliza jina. Aliweka pera juu ya ubao wake wa mti wa muvula, akanisogezea.

“Sema unaona nini.”

“Naona pera ya kuoza, Muzee.”

“Kuoza ni hukumu. Weye uko juje ku tribinali? Nakuuliza jicho yako inaona nini.”

Ilinichukua karibu saa nzima. Nilipofika kwenye “la mviringo, upana wa vidole vitatu, ngozi ya njano, doa la kahawia upande mmoja, doa linabonyea ukiligusa na ukingo wake ni mgumu”, alitikisa kichwa kukubali. Kisha akalipasua, akaniambia nianze tena kwa upande wa ndani. Tulipomaliza alikula nusu iliyokuwa nzima. Nilirudi nyumbani nikijiuliza nimeingia kazi gani.

Huo ndio ulikuwa utaratibu, na hadi leo ndio huo huo. Ukubwa kwanza, kwa rula ya shule. Uzito, kwa mizani ya jikoni. Umbo, rangi, ugumu. Halafu pasua katikati na uanze upya. Jina la ugonjwa halikuruhusiwa kukanyaga ukurasa ule. “Ukishaandika jina, jicho inalala,” alikuwa akisema, na akikuta nimeandika ‘saratani’ mahali pa kuandika ‘kijivu’ alichana ukurasa bila kuinua sauti.

Kitabu cha Kifaransa tulichokuwa nacho kilijaa vyakula. Ini kama kungumanga, wengu kama punje za sago, uvimbe kama tunda fulani la Ulaya ambalo halijaiva. Inaonekana waliokiandika walifanya kazi wakiwa na njaa. Mimi kungumanga sikuwahi kuiona, na nilipomwambia Muzee Gaspari hivyo alinituma sokoni nirudi na maneno kumi ya rangi ambayo mama yeyote muuzaji angeyaelewa. Nilirudi na njano ya mawese mapya na njano ya mawese yaliyolala, weupe wa chikwange, ule mkate wa muhogo, kijivu cha samaki mkavu, wekundu wa maharage yaliyolowekwa. Ripoti tuliandika kwa Kifaransa cha kazini, lakini vyakula vilikuwa vyetu. Mahali ambapo kitabu kilisema jibini, yaani nyama iliyoliwa na kifua kikuu, sisi tuliandika unga wa muhogo uliolowa kidogo. Daktari wa Kampala aliyekuwa akisoma vioo vyetu alilalamika mara moja, kisha akazoea.

Hospitalini nikaanza kuitwa Mama Nyama. Watoto wangu waliitwa hivyo hivyo shuleni, watoto ya Mama Nyama, na wakaniambia jina hilo lina faida moja: hakuna aliyewaomba kuonja chakula chao.

Nitataja mgonjwa mmoja wa miaka ile ili mjue kwa nini niliipenda kazi. Alikuwa mchimba dhahabu, amekonda hadi mkanda wake umefungwa mara mbili, na shingoni ana tezi zilizovimba pande zote. Kila mtu wodini alikuwa amekwisha kumzika kwa maneno. Tezi moja ikaletwa. Nilipoipasua ilimomonyoka, nyeupe inayoelekea njano, ule ule unga wa muhogo. Niliandika nilichoona na daktari akaelewa. Alipewa dawa za kifua kikuu, na baada ya miezi alirudi na kuku chini ya kwapa, amenenepa, akitafuta mama aliyeangalia shingo yake. Kuku nilimpokea. Sheria haikutaja kuku.

Halafu ikaja miaka ya vita, na chumba kikajaa miguu na mikono. Sitaandika mengi juu ya hayo. Nitasema tu kwamba hapo ndipo nilipoielewa vizuri desturi ambayo nyote mnaijua: watu wetu hawaachi sehemu ya mwili wa ndugu yao hospitalini. Mguu uliokatwa unaombwa, unafungwa katika kitambaa, unapelekwa kuzikwa nyumbani kwa maneno machache na maji ya kunawa. Wakati mwingine mwenye mguu yuko palepale, amebebwa kwenye kiti, anatazama. Wageni waliokuja kutusaidia walishangaa. Muzee Gaspari hakushangaa na wala hakumkatalia mtu, ila aliweka sharti moja: ukurasa ujazwe kwanza, na sehemu za kutosha zibaki kwetu, ndipo kilichobaki kitoke mlangoni. “Karatasi kwanza, kaburi nyuma,” alisema. Alistaafu akiwa na sharti hilo, akafariki mwaka uliofuata, na chumba kikabaki mikononi mwangu.

Sasa nifike kwa Dorika. Nitangulie kuwaambia kwamba yuko hai na anafundisha, ili msisome kwa roho mkononi. Mimi sikuwa na bahati ya kujua hivyo mapema.

Dorika alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa Fataki, mama wa watoto watatu. Alikuja na kinundu katika titi la kushoto. Daktari Ezekia, mpasuaji wetu, alikitoa asubuhi ya Jumanne na kukituma kwangu ndani ya kopo la formoli, dawa inayozuia nyama isioze. Kabla sijavaa glavu nilimkuta mwanamke mmoja ameketi sakafuni mlangoni pangu. Alikuwa Tantine Serafina, shangazi yake Dorika, aliyemlea tangu mama yake alipokufa.

“Mama, nakuomba ile kitu ya mutoto yangu,” alisema. “Siye hatutupake mwili ya mutu. Magari ya Fataki yanatoka saa sita pamoja na basoda ya kuyalinda, na yakitoka, sijui barabara itafunguka tena siku gani.”

“Ungoje kidogo, Tantine. Kuna kazi.”

“Nitangoya.”

Akangoja. Alikuwa na miguu iliyovimba, ameinyoosha mbele yake kwenye saruji, na hakulalamika hata mara moja. Mtu anayelalamika ningemweka mahali pake, nimewaweka wengi. Huyu asiyelalamika alinishinda. Kila nilipoinua macho niliiona ile miguu. Ilipokaribia saa tano na nusu nilitoa kinundu, nikakikata vipande viwili vyembamba ukingoni, upande ulionielekea, bila kukipasua katikati. Kwenye daftari niliandika: ‘Kinundu, cheupe, kigumu.’ Nilikusudia kujaza ukurasa jioni kutoka kichwani. Methali ya haraka mnaijua, sitaiandika hapa.

Nilirudisha kinundu ndani ya kopo na formoli yake, nikazungushia utepe wa gundi, nikamwambia asifungue maana dawa ile inachoma macho, azike pamoja na kopo. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nilimsindikiza hadi kwenye geti nikijiona mtu mwema.

Jioni nilipokaa kuandika nilikuta kichwani sina kitu isipokuwa miguu ya yule mama. Kinundu hakikuwepo. Nikaacha maneno yangu matatu kama yalivyokuwa, nikajiambia vipande viwili vinatosha, Kampala watasoma.

Ilipita zaidi ya mwezi kabla jibu halijafika, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Daktari Ezekia aliingia nalo mkononi. Daktari wa Kampala aliandika kwamba ameona nyama ya kawaida ya titi na kovu, kwamba vipande havitoshi, na kwamba tafadhali tumweleze sura ya katikati ya kinundu au tumtumie kingine.

Daktari Ezekia alikuwa amefungua daftari langu na kuyakuta yale maneno matatu.

“Mama Rejina,” aliniambia polepole, “kwa mukono wangu ilikuwa inanipa mashaka. Lakini mashaka haikatake titi ya mutu. Weye ni mutu ya macho. Katikati uliona nini?”

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu siku moja mtaulizwa hivyo. Ningeweza kumjibu. Alihitaji sentensi moja tu, na sentensi hiyo nilikuwa nimeiandika mara nyingi mno kwa matiti mengine. Naijua kama sala. Angeniamini bila kuuliza mara ya pili. Kesho yake Dorika angelala mezani, na kama ningekuwa nimekosea, angeishi bila titi kwa sababu mimi niliona aibu. Au ningesema ilikuwa laini na ya kawaida, angerudi kwa watoto wake akiwa na furaha, na ugonjwa ungemla taratibu.

“Docta, sikuona,” nikasema. “Sikupasua katikati. Nilimupatia tantine yake kabla ya kuitazama.”

Alikaa juu ya kile kiti kirefu. Hakupiga kelele. Ningependelea kelele.

Dorika alikuwa Bunia bado, kwa binamu yake mtaa wa Mudzipela, akisubiri. Aliitwa mchana uleule. Alikuja na gauni lake la kufundishia, kovu limefungwa vizuri, na Daktari Ezekia akamweleza njia mbili zilizobaki: kulikata titi kwa kubahatisha, au kungoja kuona kama kinundu kitarudi. Nilisimama pembeni. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba msamaha, lakini alinitangulia kusema.

“Docta, kukata bila kujua, hapana. Kungoya bila kujua, hapana vilevile. Hii kipande si iko? Iko Fataki, mu kopo, mu dawa yenu. Dawa inaisha nguvu mu udongo?”

Daktari alinitazama. Nikasema kwamba kama kopo halijafunguka, nyama itakuwa kama tulivyoiacha.

“Bon. Basi ifukulwe,” alisema Dorika. Kisha sauti yake ikapungua. “Shida ni tantine. Hatakubali ku simu. Atasema ni woga yangu inaongea.”

“Nitaenda mimi,” nikasema.

Nilingoja siku tatu barabara ifunguke, nikapanda pikipiki nyuma ya kijana aliyeendesha kana kwamba yeye naye anapelekwa hospitali. Vumbi la njia ile siwezi kulieleza kwa rula wala kwa mizani. Tantine Serafina alinipokea kwa furaha, akaniwekea kiti, akaniletea maji, akauliza habari za mtoto wake. Nilipomweleza kilichonileta aliinuka akasimama mlangoni, mgongo kwangu.

“Kitu ya kuzikwa haitoke tena, mama. Tukifukula kipande, ni kama tunaita mutu yote.”

“Najua, Tantine.”

“Unajua, na umekuya kuniomba?”

“Makosa ni yangu. Nilipaswa kuitazama vizuri kabla ya kukupatia. Sikuitazama. Sasa docta haijui kama ni ugonjwa mubaya ao hapana, na Dorika naye haijui.”

Aligeuka. “Juu ya nini haukuitazama?”

“Nilikuonea huruma. Miguu yako ilikuwa imevimba, na magari yalikuwa yanatoka.”

Aliitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi.

“Donc, basi, ulitazama miguu yangu,” alisema, “ukaacha kutazama titi ya mutoto.”

Katika miaka yote ya kazi nimegombezwa na madaktari, na wakaguzi waliotumwa kutoka mbali, na Muzee Gaspari kila wiki. Hakuna aliyeniambia neno la kweli kama lile. Nililia mbele yake kwenye kiti chake, nikiwa na glasi ya maji yake mkononi.

Aliniacha nilie. Kisha akatoka nyuma ya nyumba na nikasikia jembe. Nilipofika alikuwa karibu na migomba, kwenye mawe matatu yaliyopangwa vizuri, analima mwenyewe, na nilipotaka kumsaidia alinikataza kwa mkono. Shimo halikuwa na kina kirefu. Kopo lilipoonekana alipiga magoti, akaongea na shimo kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala.

“Utusamehe. Hatukuiti. Tunakuuliza tu.”

Utepe wa gundi ulikuwa umeshika udongo lakini haukufunguka. Niliponyoosha mikono kulipokea alilikumbatia.

“Nitaibeba miye,” alisema. “Na safari hii nitakaa mupaka umalize. Miguu yangu usiitazame.”

Alirudi nami Bunia kwa pikipiki ya pili, kopo mapajani, amelifunika kwa kitenge. Kesho yake asubuhi nilimwekea kiti ndani ya chumba, karibu na dirisha, jambo ambalo halijaruhusiwa na orodha yoyote ya ukutani. Niliosha ubao. Nilinoa kisu zaidi ya kilivyohitaji.

Sentimita nne kwa tatu. Nje, mafuta ya njano, njano ya mawese mapya. Upande mmoja, jeraha nyoofu la kisu changu cha kwanza. Nililipima na hilo, nikaliandika kuwa ni la kwangu. Kisha nikapasua katikati, na kisu kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga mwembamba. Ndani palikuwa na kitu cha kijivu kinachoelekea weupe, kigumu, hakibonyei kwa kidole, na mpaka wake haukuwa wa duara: ulituma mizizi ndani ya mafuta pande zote, kama tangawizi. Nilikata sehemu sita, za katikati na za mpakani. Niliandika ukurasa mmoja na nusu.

“Ni mubaya?” aliuliza Tantine Serafina.

“Tantine, miye naandika yenye naona. Jina itatoka Kampala.”

“Sikuuliza jina. Uso yako ndio nauliza.”

Nilishusha kisu. Alifunika kichwa chake kwa kile kitenge, na tulikaa hivyo, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye cha Muzee Gaspari, mpaka mhudumu wa chumba cha damu aligonga mlango akitafuta chupa.

Safari hii Daktari Ezekia alimtafuta mtu wa kwenda Kampala siku ileile, na jibu likaja kwa simu kabla ya karatasi. Ilikuwa saratani. Alimwambia Dorika mwenyewe, kwa maneno mafupi, na Dorika akauliza maswali yake moja baada ya jingine akiyaandika kwenye daftari la shule. Titi lilikatwa Alhamisi iliyofuata pamoja na tezi za kwapa. Katika tezi zote nilizozipasua, moja ilikuwa na ule ugumu wa kijivu.

Moja. Ugonjwa uliifikia kabla Dorika hajafika kwetu, au katika wiki zile kinundu kilipokuwa chini ya migomba na mimi nikisubiri Kampala wanisaidie? Nilimuuliza Daktari Ezekia. Aliniambia hakuna hadubini inayojibu swali hilo. Alisema hivyo kwa wema, na ni kweli, lakini nimeishi nalo. Nilimwomba Dorika msamaha wodini, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Nimesikia, Mama,” na hakuongeza. Niliona ni haki yake.

Titi nililifanyia kazi asubuhi nzima. Niliandika kurasa tatu. Nilipomaliza, kila sehemu iliyohitajiwa imewekwa pembeni, nilisafisha kilichobaki na kukiweka katika kopo kubwa. Tantine Serafina alikuwa nje kwenye benchi, tayari kwa safari, na barabara ilikuwa wazi.

Nilikuwa nazungushia kopo utepe wa gundi, mlango uliposukumwa. Dorika aliingia akishika ukuta, kitenge cha wodini kiunoni, kifua kimefungwa bendeji upande mmoja. Ilikuwa siku ya nne tu tangu apasuliwe. Nilimvutia kiti.

“Mama Rejina, kabla tantine aipeleke, nisomee yenye uliandika.”

Nilimwambia haturuhusiwi kuwasomea wagonjwa, kwamba ni maneno ya kazini, makavu, yatamuumiza.

“Niko mwalimu,” alisema. “Kila siku nasomaka mambo ya watoto ya batu. Mambo ya mwili yangu nisisikie?”

Nikafungua daftari. Niligeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kadiri nilivyosoma, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mle ndani. Titi la kushoto, uzito kadhaa, upana kadhaa. Ngozi ya kahawia, laini, haina kidonda, ina mshono mmoja wa sentimita tano unaopona vizuri. Chuchu imesimama, haikuvutwa ndani. Dorika alisikiliza amefumba macho, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Nilipofika kwenye sehemu za ndani alinizuia kwa kidole.

“Ngoya. Umesahau kitu juu ya ngozi.”

“Kitu gani?”

“Chini ya chuchu, upande wa ndani. Kuna alama mbili. Ni Zawadi, kitinda mimba yangu. Meno yake ya kwanza, alinilumaka sana.”

Nilitoa utepe, nikafungua kopo, nikaligeuza titi kwenye mwanga wa dirisha kwa lenzi. Yalikuwepo: makovu mawili meupe, kila moja dogo kuliko punje ya mchele, kando kwa kando. Nilikuwa nimelitazama asubuhi nzima kwa rula na mizani, na sikuyaona.

Nikalirudisha titi ndani, nikafunika kopo, nikachukua kalamu. ‘Makovu mawili, meupe, milimita mbili kila moja, chini ya chuchu, upande wa ndani.’ Nikamsomea.

“Andika pia ni ya nani,” alisema.

Nikaandika: ‘Meno ya Zawadi.’ Dorika alinyoosha shingo, akalisoma neno hilo mwenyewe, herufi kwa herufi, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kopo na kukiacha hapo kwa muda.

“Sasa iko yote,” alisema. “Umupatie tantine.”